Kuacha Kubeti kwa Vikao: Maswali Yenu

Mwezi uliopita tuliwaalika wasomaji waulize chochote kuhusu kuacha kamari. Maswali matano tunayajibu hapa. La kwanza tumelipa nafasi kubwa, kwa kuwa walioliuliza wameshaanza kazi na wamekwama kwenye jambo linaloweza kurekebishwa wiki hii.

Tuko madereva bodaboda watano hapa Mwanza. Wote tumeliwa: mmoja aliuza pikipiki, mwingine anadaiwa na watu wa kausha damu. Tumekubaliana tuache kubeti pamoja na tukutane kila wiki. Kikao cha kwanza kiliishia kwenye stori za mechi. Tufanyeje? — Wasomaji, Mwanza

Ndugu zetu, watano mnatosha kabisa. Anayebeti kwa kawaida huficha vitu vitatu: kiasi anachocheza, deni lake, na laini ya pili anayochezea. Kikao kinasaidia pale vitu hivyo vinapotajwa mbele ya watu ambao hawatashangaa wala kuhubiri, kwa kuwa nao walivificha. Mkikutana bila kuvitaja, mtakuwa mmehamisha kijiwe tu.

Anzeni na saa na mahali. Mechi nyingi za Uingereza za Jumamosi huanza saa 11 au saa 12 jioni kwa saa zetu, kutegemea majira yao. Wekeni kikao saa 10 na nusu, kiishe saa 12, ili muda ule ambao mkono unawasha muwe mmekaa pamoja. Ombeni darasa, ukumbi wa kanisa, baraza la msikiti au ofisi ya serikali ya mtaa. Msikae baa wala karibu na kibanda umiza. Simu zizimwe na ziwekwe kwenye kikapu mlangoni.

Kila mtu apewe dakika 5, na mmoja ashike saa. Aanze kwa maneno mafupi: jina moja, siku ngapi tangu dau la mwisho, na lini wiki hii alikaribia kucheza. Hapo kwenye kukaribia ndipo akae zaidi. Alikuwa wapi? Hela ilikuwa ya nini? Nani alikuwa pembeni? Akisema, "Jumatano saa 8 mchana, nimekaa kituoni sina abiria, nina elfu 14 ya tajiri kwenye simu," mwenzake anayekaa kituo hichohicho atajitambua bila kuambiwa. Akimaliza, hakuna kumjibu wala kumpa ushauri. Ushauri una zamu yake mwishoni, dakika 15, kwa aliyeuomba tu. Mkifika watu 12, gawanyikeni, maana hapo dakika 5 za kila mmoja tayari ni saa nzima.

Sasa kilichowaharibia kikao cha kwanza. Mtu akisimulia alivyolamba milioni moja na laki nane kwa dau la elfu mbili, kila aliyekaa pale ataondoka anawashwa, hata kama hadithi iliishia kwa kufilisika. Kwa hiyo wekeni kanuni: hakuna kutaja timu, odi (namba inayozidisha dau ukishinda), jina la kampuni wala kiasi cha ushindi. Hasara itajwe, na ilichobomoa kitajwe. Kwenye kundi la WhatsApp iwe hivyohivyo. Picha ya mkeka, yaani orodha ya mechi mtu alizobetia kwa pamoja, ikiwekwa, ifutwe, na aliyeiweka apigiwe simu siku hiyohiyo. Msimtoe kundini kimyakimya. Mara nyingi picha ile ni njia yake ya kusema ameanguka.

Msikopeshane. Tunajua ni kanuni ngumu kwa watu waliozoea kusaidiana, lakini anayedaiwa na mwenzake huacha kuja kikaoni, na kundi linampoteza yeye na hela kwa pamoja. Msiwe na mfuko wa pamoja pia, ukiacha mia tano tano za maji na chai zinazoisha siku hiyo. Kushika hela za wenzako katika miezi ya mwanzo ni mtihani usio na sababu. Na uenyekiti uzunguke kila wiki. Makundi mengi madogo hufa mtu mmoja anapogeuka kuwa mchungaji wa wengine.

Kati ya vikao, kila mtu awe na mwenza wa simu. Hamu ya kucheza hupanda, hufika kileleni na kushuka, mara nyingi ndani ya dakika 20 hadi 30 kama haikulishwa. Piga kabla ya kucheza. Anayepokea asiulize timu gani. Aulize: una kiasi gani kwenye simu sasa hivi? Uko wapi? Unaweza kumtumia nani hiyo hela sasa, nikiwa hewani? Abaki hewani mpaka ujumbe wa muamala uingie. Asiyetokea Jumamosi apigiwe kabla ya Jumapili jioni.

Jambo moja lisisubiri kikao. Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo. Madeni ya kamari yameua watu. Wasomaji wa Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo.

Utaratibu huu haukubuniwa jana. Chama cha Gamblers Anonymous kilifanya kikao chake cha kwanza Los Angeles, Marekani, tarehe 13 Septemba 1957, kikifuata njia ya walevi waliokuwa wakiacha pombe kwa kusikilizana. Leo kina vikao vya simu na vya intaneti, na ada ya uanachama hakuna. Mmoja wenu anayejua Kiingereza akihudhuria viwili vitatu, atawaletea mengi.

Mimi si mraibu. Naweka mkeka wa timu kumi kwa 1,000, si zaidi, na najua mpira. Mara nyingi timu moja tu ndiyo inanichania. Nikipatia mara moja narudisha zote. Kosa langu liko wapi? — Msomaji, Morogoro

Liko kwenye hesabu ambayo mkeka wenyewe hauioneshi. Chukua tukio la nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Bei ya haki ni odi 2.00. Ukipewa 1.90, kampuni imeshachukua 5 katika kila 100. Ukiunganisha matukio kumi ya namna hiyo, makato nayo yanaunganika. Nafasi ya kupatia yote kumi ni 1 kati ya 1,024, kwa hiyo 1,000 yako ilistahili kulipwa 1,024,000. Odi 1.90 ikizidishwa mara kumi inatoa kama 613, yaani utalipwa 613,000 hivi. Asilimia 40 imekwenda kabla mpira haujapigwa. Kujua mpira kunasaidia kidogo, lakini waliopanga odi nao wanajua mpira, na hawalazimiki kupatia kumi mfululizo kama wewe.

Kuhusu ile timu moja: katika mfano huohuo, njia za kukosea tukio moja tu ni kumi, na ya kupatia yote ni moja. Mkeka unaochanwa na timu moja utauona mara kumi zaidi ya unaotiki. Ubongo huuchukulia ule wa karibu kama dalili kwamba unaelekea kupatia, ukarudi kesho. Na ukihamia kwenye kindege, ule mchezo wa simu ambapo odi hupanda na ndege mpaka inapotoweka ghafla, mambo yanakwenda mbio zaidi. Mchezo unaotangaza kurudisha asilimia 97, ukizungusha hela ileile raundi 50, wastani wa kinachobaki kwenye kila 1,000 ni kama 218. Raundi ni ya sekunde tu. Nusu saa inatosha.

Kama wewe ni mraibu au la, hatuwezi kukuambia kwa barua. Gamblers Anonymous wana maswali 20 ya kujipima, na wengi wenye tatizo hujibu ndiyo kwa 7 au zaidi. Haya yamo: uliwahi kukopa ili ucheze? Baada ya kuliwa, uliona lazima urudi haraka kurudisha? Uliwahi kucheza mpaka shilingi ya mwisho? Yajibu mbele ya mtu anayekufahamu. Peke yako utajipendelea.

Bwanangu ameniambia ana madeni ya kubeti, 186,000. Analia, anasema nikimsaidia kulipa hatarudia. Nina akiba kwa chama. Nilipe? — Msomaji, Nakuru

Pole sana, dada. Usilipe yote kwa mkupuo, na usimpe yeye pesa mkononi. Deni likifutwa siku moja, anachobaki nacho ni simu safi inayokubali mkopo mpya. Tena mara nyingi kiasi cha kwanza kutajwa si chote. Watu husema kile wanachodhani utakivumilia.

Kaeni chini na karatasi, awepo mtu mmoja mnayemheshimu wote, ikiwezekana aliyekwisha acha kubeti. Aandike kila anayemdai: jina, kiasi, riba, tarehe. Afungue simu zote na laini zote, mtazame taarifa ya miamala ya miezi sita. Makundi ya wanaoacha kamari huifanya kazi hii kwa utaratibu maalumu: wanachama wa zamani wawili au watatu hukaa na mume na mke, wakaweka mapato upande huu na madeni upande ule.

Tuseme mshahara ni 42,000. Kodi 9,000, chakula 12,000, karo 4,000, nauli 3,500: jumla 28,500. Zinabaki 13,500. Wekeni 10,000 kwa madeni na 3,500 kwa dharura. Bila riba, 186,000 itaisha kwa miezi 19. Ni muda mrefu, na ni vizuri auone. Anzeni na deni lenye riba kali, na muende kwa kila mdai kuomba riba isimame. Wengi hukubali kiasi kidogo kinachokuja kila mwezi kuliko ahadi. Lipa wewe moja kwa moja kwa mdai na utunze ujumbe wa malipo. Yeye abaki na nauli na chakula cha siku, ajitoe kwenye huduma za mkopo wa simu, na mshahara uingie mahali ambapo hawezi kutoa bila wewe.

Usiweke sahihi ya udhamini. Hati ya shamba na vyeti vihame nyumbani, viende kwa mtu wa kuaminika. Sheria za Kenya na za Tanzania zinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa au kuwekwa rehani, basi usiitoe kwa kuonewa huruma usiku wa manane. Na pesa za chama ni zako na watoto. Unaruhusiwa kumpenda mtu na kumnyima akiba.

Nilikaa miezi minne bila kubeti. Juzi kazini tukapewa bonasi, na usiku uleule nikacheza kindege mpaka ikaisha, laki tatu na nusu. Kundini wananitolea mfano. Naona aibu kurudi. — Msomaji, Tanga

Rudi Jumamosi hii hii, na usiku wa leo mpigie mwenza wako wa simu. Sentensi moja inatosha: "Nimecheza, laki tatu na nusu, tarehe fulani." Ukisubiri ujipange kwanza utasubiri sana, na katikati ya kusubiri utajaribu kuzirudisha. Hizo zimekwenda. Ziandike kama matumizi yaliyokwisha.

Tunafikiri tundu lako tumeliona kwenye barua. Mpango wa fedha wa wengi hushika mshahara tu. Bonasi, posho ya safari, hela ya mchezo wa kuchangiana ikifika zamu yako, mtu aliyekulipa deni alilokuwa amelisahau: zote hupita pembeni, na hakuna anayejua zimeingia. Mkubaliane kundini kwamba hela yoyote isiyotarajiwa inatajwa kwa mwenza wa simu ndani ya saa moja, na inahamishwa siku hiyohiyo kwenye akiba yenye kufuli au kwa anayekushikia.

Tundu la pili ni akaunti iliyobaki wazi miezi minne. Kufuta programu kwenye simu hakufungi akaunti. Waandikie huduma kwa wateja kwamba unajifungia moja kwa moja, si kwa saa 24 wala mwezi, na uhifadhi jibu. Kisha weka programu ya kuzuia tovuti za kamari. BetBlocker ni ya bure. Jitoe pia kwenye ujumbe wa matangazo, kwa sababu zile ofa za "dau la bure" hupenda kuwafuata waliokaa kimya muda mrefu.

Kikaoni, sema siku zako mpya, halafu sema na zile za kwanza. Wenzako wanazihitaji zote mbili, hasa saa 48 kabla ya kucheza: ulikosana na nani, ulilala vipi, ulianza lini kufikiria "raundi moja tu".

Baba ana miaka 67, hajawahi kucheza hata karata. Tangu abadilishiwe dawa za ugonjwa wa Parkinson mwaka jana anashinda kwenye mashine za kamari, zile za dubwi. Kundi la kuacha kamari litamfaa? — Msomaji, Dodoma

Kwanza daktari. Baadhi ya dawa za Parkinson, zikiwemo pramipexole na ropinirole, zinajulikana kuweza kumfanya mtu ashindwe kujizuia na kamari, manunuzi au ngono, hata kama maishani hakuwahi kuwa hivyo. Msimwachishe dawa wenyewe, kwani kuzikata ghafla kuna hatari. Pelekeni pakiti za dawa, tarehe alizoanza, na tarehe alipoanza kucheza, vyote kwenye karatasi moja. Wazee huona haya kulisema hili kliniki, kwa hiyo mmoja wenu aingie naye ndani. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Wakati mnasubiri, kadi ya benki na namba ya siri ya simu zikae kwa mama.