Mi namtaka Mordecai Brown, yule wa mkono mbovu

Mmeuliza wiki hii ni mwanamichezo gani wa zamani ambaye hatukumkuta lakini tungelipa kiingilio chochote kumwona. Najua wengi mtasema Pele, haya, ila mi naenda mbali kidogo, besiboli ya Marekani, jamaa anaitwa Mordecai Brown, mrushaji wa timu ya Chicago Cubs, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira.

Huyu kazaliwa 1876 huko Indiana, na akiwa mtoto mkono wa kulia ukaingia kwenye mashine ya kukatia chakula cha mifugo, kidole cha shahada kikaenda kikabaki kipisi. Mkono haujapona sawasawa kaanguka tena, vidole vingine vikavunjika vikaunga vibaya, cha kati kikapinda na kile cha mwisho kikawa pambo tu. Alipokua akafanya kazi migodi ya makaa ya mawe, besiboli anacheza pembeni.

Sasa chukua chungwa ulirushe uone, vidole viwili vya mbele ndo vinalisukuma mwisho kabisa. Brown pale ana kipisi na kidole kilichopinda, kwa hiyo mpira unatoka na mzunguko wake wa ajabu, unakuja umenyooka vizuri halafu ukikaribia mpigaji unadondoka, jamaa keshazungusha gongo, anaugonga kwa juu, unabingirika chini wanaudaka kiulaini, katoka. Mjomba wangu seremala msumeno ulimla kidole hichohicho, penseli anaishika kwa staili yake na mstari unanyooka, we jaribu kumwigiza uone utakavyochora nyoka. Ndo maana huwa nabisha na wanaosema Brown alishinda japokuwa mkono ulikuwa mbovu. Japokuwa wapi, ule mkono ndo ulikuwa silaha yenyewe!

Ligi kuu kaingia 1903 na St. Louis Cardinals, anakaribia miaka 27, kachelewa kweli, msimu uliofuata yuko Cubs. 1906 wastani wake ni 1.04, yaani kwa mechi nzima ya awamu tisa anaruhusu pointi moja na chenji. Cubs mwaka huo walishinda mechi 116 halafu fainali wakapigwa na White Sox, majirani zao wa mji huohuo, hahaha, hata sisi watu wa Simba na Yanga tunaijua hiyo aibu. Ubingwa wakaubeba 1907 na 1908.

Ila mechi ambayo ningelipia ni ya 8 Oktoba 1908 New York, Cubs na Giants, timu ya hapohapo New York, wamelingana kileleni mwa ligi, anayeshinda leo ndo anaenda fainali. Aliyeanza kurusha kwa Cubs kazidiwa awamu ya kwanza tu, akaingizwa Brown, upande wa pili yupo mrushaji wao Christy Mathewson, mfalme wa New York, na uwanja mzima ni wa Giants. Ikaisha 4 kwa 2, Cubs.

Alistaafu ligi kuu na ushindi 239 na vipigo 130, maana besiboli matokeo ya mechi anaandikiwa mrushaji. Mechi ya mwisho ni Septemba 1916 Chicago, na aliyesimama kurusha upande wa pili ni nani, Mathewson yuleyule, sasa yuko Cincinnati, naye ndo mechi yake ya kuaga. Enzi zao pointi kuipata ilikuwa shughuli, siku hiyo wazee walitandikwa wote wawili mpaka ikawa 10 kwa 8, Mathewson kashinda, na hakuna kati yao aliyekubali kutolewa kabla mechi haijaisha.