Re: Nashtuka saa tisa usiku, saa ya mwili imeharibika?

Dada, pole sana. Kushtuka saa tisa usiku moyo ukidunda, tangu uchukue mkopo wa mtaji wa dagaa hapo Kibirizi, hakumaanishi saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaouambia mwili ni usiku au mchana, imekufa.

Saa kuu iko ndani ya ubongo na hufuata mwanga. Ini, moyo na misuli navyo vina saa zake, na kimojawapo kinachozipangia muda ni kortisoli, homoni ya tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Kwa kawaida huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, kisha hupanda kuelekea alfajiri. Mawazo ya deni huipandisha kabla ya wakati. Ini linadhani kumekucha, linaongeza sukari kwenye damu, huku saa ya ubongo, isiyoisikia kortisoli moja kwa moja, bado inasema usiku.

Mimi daftari la madeni nililihamisha kutoka chini ya mto, hesabu nikafanya saa kumi jioni. Asubuhi nilikaa uani jua likitokeza juu ya vilima. Ilichukua wiki kadhaa usingizi kutulia. Moyo ukizidi kudunda, nenda kapime presha na sukari, usingoje.