PostgreSQL: fanksheni moja kurudisha vielekezi viwili

Mkuu, umesema umehamia kanzidata ya PostgreSQL kutoka SQL Server, fanksheni yako inarudisha `SETOF refcursor`, yaani orodha ya vielekezi (cursor, vishikio vya kusomea matokeo ya SELECT), lakini ukiiita unaona mistari miwili tu, `<unnamed portal 1>` na `<unnamed portal 2>`, na ukifanya FETCH (amri ya kuchota data) unaambiwa kielekezi hakipo.

Fanksheni yako ni nzima. Kule ulikotoka, SELECT mbili mfululizo zinaifikia programu kama majedwali mawili. Huku unapewa majina ya vielekezi tu, data unaifuata mwenyewe, na muamala (transaction, kundi la amri kati ya BEGIN na COMMIT) ukiisha vielekezi vinafungwa. Usipoandika BEGIN, kila amri ni muamala wake, kwa hiyo SELECT inapomaliza tu, vyote viwili vimeshakwenda.

Mimi kwenye taarifa za wanachama wa SACCOS huwa napitisha majina kutoka nje:

```
CREATE FUNCTION taarifa(p_id int, c1 refcursor, c2 refcursor)
RETURNS SETOF refcursor AS $$
BEGIN
  OPEN c1 FOR SELECT * FROM michango WHERE mwanachama_id = p_id;
  RETURN NEXT c1;
  OPEN c2 FOR SELECT * FROM mikopo WHERE mwanachama_id = p_id;
  RETURN NEXT c2;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;

BEGIN;
SELECT taarifa(45, 'k_michango', 'k_mikopo');
FETCH ALL FROM k_michango;
FETCH ALL FROM k_mikopo;
COMMIT;
```

Ukiiita mara mbili ndani ya muamala mmoja kwa majina yaleyale, itagoma na kusema kielekezi kinatumika. Kifunge kwanza kwa CLOSE, au badilisha jina.

Kwenye Java weka `setAutoCommit(false)` kabla ya kuita. Kwenye Python, maktaba ya psycopg2 inafungua muamala yenyewe. Ukishaita fanksheni, andika `conn.cursor('k_michango')` kisha `fetchall()` moja kwa moja, bila `execute`.

Angalizo kwa wenye kodi (code) ya zamani: ukitangaza kielekezi na SELECT yake palepale kwenye DECLARE, sehemu ya kutangaza vigeu (variables) vya fanksheni, zamani kilichukua jina la kigeu chake. Toleo la 16 la PostgreSQL limeondoa hilo, linakipa jina la kujitungia. Ukilitaka lile la zamani, kipe kigeu jina hilo kabla ya OPEN. Kuna mifumo imekufa ghafla baada ya kupandisha toleo kwa sababu ya hili tu.

Ila kusema kweli, kwa taarifa ya mistari michache nisingehangaika na vielekezi. Andika fanksheni mbili za `RETURNS TABLE` uziite moja baada ya nyingine, au rudisha JSON moja kwa `jsonb_build_object` na `jsonb_agg` ndani yake. Vielekezi viache kwa data kubwa unayoichota kidogo kidogo kwa `FETCH 1000`. Hata hapo usiuache muamala wazi huku mtumiaji akisoma skrini, maana VACUUM (usafi wa kanzidata) haiwezi kusafisha mistari iliyokufa ambayo muamala huo bado unaweza kuiona. Weka `idle_in_transaction_session_timeout` ikukatie muunganisho unaokaa bila kazi ndani ya muamala.

Kama bado inagoma, bandika kodi inayoita fanksheni, siyo fanksheni yenyewe.