Mtoto akishaomba, anasubiri jibu

Wazazi wenzangu, kuna kitu kwenye imani watoto wametuacha mbali sana, na si kwamba wanaijua Biblia kuliko sisi, hapana, ni kwamba mtoto akishaomba anasubiri jibu. Sisi wakubwa unakuta tumeomba vizuri, maneno yamepangika, amina ya nguvu, alafu kesho yake ukiulizwa uliomba nini hata hukumbuki.

Mwanangu mdogo usiku mmoja alikuwa anamwombea bibi yake anayeumwa goti, na hakuishia kusema Mungu mponye bibi, akataja goti la kushoto, akanyamaza, akafungua jicho moja akaniuliza, "Mama, ni la kushoto eti?" Nikamwambia ndio, akaendelea. Sasa ikawa kila bibi akipiga simu huyu anaiwahi, "shikamoo bibi goti limepona?" bila hata kupumua. Bibi akisema bado kidogo anamjibu, "haya, leo tutaomba tena," ananirudishia simu anaenda kucheza. Hana kinyongo na Mungu wala hajakata tamaa. Na goti siwezi kudanganya, mpaka leo linamsumbua bibi, na mtoto mpaka leo analiombea.

Mi hiyo ndo naiita imani, tena inanifundisha mimi kuliko mahubiri mengi.

Soma 2 Wafalme 5 uone. Yule binti mdogo alitekwa kutoka Israeli akawa mtumishi kwa mke wa Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu aliyekuwa na ukoma, yuko mbali na kwao, hata jina lake hatujaambiwa, lakini anasema bila kusitasita kwamba bwana wake angekuwa kwa nabii aliyeko Samaria angeponywa ukoma. Alafu angalia wakubwa sasa: mfalme wa Israeli anapata barua ya kuombwa amponye Naamani, anararua mavazi akidhani anatafutiwa ugomvi, Naamani mwenyewe anakasirika kuambiwa na nabii Elisha akaoge mto Yordani mara 7, anasema mito ya Dameski ni bora zaidi. Aliyeanzisha habari yote ni mtoto, na wenye vyeo ndo waliokuwa wanasumbua.

Sasa nyumbani tufanyeje? La kwanza kabisa, acha kumsahihisha mtoto anapoomba. Akimwombea paka, akimshukuru Mungu kwa viatu, muache, Yesu alichukizwa sana wanafunzi wake walipowazuia watoto (Marko 10:14), na sisi tunaweza kuwazuia hivyohivyo kwa kuwaambia omba vizuri, fupisha, hilo sio la kuombea.

Jingine ambalo naona ni gumu zaidi ni pale jibu lisipokuja. Mtoto akikuuliza kwa nini Mungu hajamponya fulani usimtungie sababu, na tafadhali usimwambie hakuomba kwa imani ya kutosha, hilo neno linaumiza mtoto na linaweza kukaa naye miaka. Mwambie ukweli kwamba hata wewe hujui, na kwamba unaendelea kumwamini Mungu. Yule baba wa kwenye Marko 9:24 alilia mbele ya Yesu kwamba anaamini na hapohapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na mwanawe aliponywa. Mzazi anaruhusiwa kuomba hivyo, na mtoto akisikia haimpunguzii kitu.

Alafu mwambie mtoto mahitaji yako, kwa kiwango chake lakini. Sio umbebeshe madeni na ugomvi wa wakubwa, hapana, mwambie tu mama kesho ana kikao kigumu kazini naomba uniombee, muache akuwekee mkono kichwani aombe kwa maneno yake. Na ukirudi jioni mpe majibu yalivyokuwa, hata kama kikao kimeenda vibaya, maana yeye atakuwa amesubiri kutwa nzima kukuuliza.