Kwa wanaoanza kuandika maisha ya Bibi Titi Mohamed

Wanafunzi wengi wanaotaka kuandika juu ya Bibi Titi Mohamed huanzia mwaka 1955, alipokabidhiwa uongozi wa tawi la wanawake la TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Ushauri wangu ni kwamba muanze nyuma zaidi. Bibi Titi, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa tayari mwimbaji maarufu wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na vikundi vya namna hiyo havikuwa vya burudani tupu, kwani vilikuwa na viongozi wao, michango, sare, na desturi ya kupashana habari za harusi na misiba nyumba kwa nyumba. Alipowaendea viongozi hao kwa ajili ya TANU, aliwaendea watu ambao wito wao ulitosha kujaza ua. Ndiyo maana katika miezi michache maelfu ya wanawake walichukua kadi za chama ambacho watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga nacho.

Kwa hiyo mnapokwenda kumhoji bibi aliyeziona siku zile, msimwulize kuhusu "nafasi ya mwanamke katika harakati za ukombozi". Hiyo ni lugha ya semina, naye atawajibu kwa lugha ya semina. Mwamkieni, kaeni naye, kisha mwulizeni alikuwa akicheza ngoma gani na kiongozi wao alikuwa nani. Majina yatakuja yenyewe. Yaandikeni yote, pamoja na lakabu, kwa sababu anayeitwa Mama fulani mtaani huenda ana jina jingine kabisa kwenye kadi yake.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni ile ya baada ya uhuru. Bibi Titi, mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika na naibu waziri, alipoteza kiti chake cha ubunge cha Rufiji mwaka 1965. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, yeye aliyekuwa na nyumba za kupangisha aliachia uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, hadi Rais Nyerere alipomwachia huru mwaka 1972. Waandishi wachanga hupita hapa mbio, kana kwamba wanaona haya kwa niaba yake, au humfanya malaika aliyeonewa na kila mtu. Mimi naona hoja ya nyumba zile peke yake yastahili sura nzima: mwanamke aliyejitafutia kipato chake mwenyewe aliambiwa achague kati ya kipato hicho na chama alichokijenga.

Someni magazeti ya wakati wa kesi, mkikumbuka ni nani aliyekuwa akiyamiliki, kisha myaweke kando ya maelezo aliyoyatoa Bibi Titi mwenyewe miaka ya 1980. Pale yanapopingana, andikeni kauli zote mbili na mtaje kila moja imetoka wapi.