Mwanangu ameandikwa miaka 19 kituoni: nifanye nini?

Swali: Mwanangu wa miaka 15 amekamatwa kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza, pamoja na vijana wakubwa, anatuhumiwa wizi wa nyavu. Kituoni ameandikwa miaka 19. Je, atafungwa gereza la Butimba? – Mama, Igogo

Jibu: Pole sana mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 119, inakataza kumhukumu kifungo cha jela aliye chini ya miaka 18. Lakini kinga hiyo yote inategemea umri, na hapo ndipo kesi za watoto huharibikia. Kijana ana mwili mkubwa, ameogopa, anakubali umri wowote anaotajiwa. Umri huo ukishaandikwa, analazwa na watu wazima na kupelekwa mahakama isiyo ya watoto.

Peleka cheti cha kuzaliwa leo, nakala mbili, moja ibaki kwenye jalada. Kama hana, tafuta kadi ya kliniki au barua ya shule aliyoandikishwa darasa la kwanza. Polisi wakikataa kurekebisha, mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa. Mahakama inapaswa kuuchunguza umri. Daktari hukadiria tu, kwa hiyo usingoje kipimo chake kama karatasi ipo.

Dhamana inawezekana, kwani wizi wa kawaida adhabu yake haizidi miaka 7. Kikwazo kinaweza kuwa hofu kwamba atarudi kwenye kundi lile lile. Basi nenda na jibu: atalala wapi, na nani, shule ipi. Kumpeleka kwa mjomba wake Magu kuna uzito kuliko kuahidi tu kwamba hatakanyaga mwaloni.

Kisha afisa ustawi wa jamii ataandika taarifa ya mtoto na familia. Usimfiche utoro wala njaa nyumbani. Taarifa iliyopambwa humnyima mtoto msaada, maana hakimu huitegemea anapoamua: kumwachia kwa masharti chini ya uangalizi, kumkabidhi kwa mtu anayefaa, au kumpeleka shule ya maadilisho (ya kurekebisha watoto waliokosa) ya Irambo, Mbeya. Mbeya ni mbali mno na Mwanza, na mtoto asiyetembelewa hurudi akiwa mgeni kwao. Kwa kosa kama hili, omba uangalizi wa hapa hapa, ukiwa tayari umeulizia nafasi shuleni au chuo cha ufundi cha VETA Nyakato.