Pointi na milimita: namba ya kubandika ukutani

Ukiwa mpangaji wa vitabu na kadi, unaishi na vipimo viwili. Mteja anakuja na rula: kadi iwe sentimita 15 kwa 10, pembeni uache milimita 12. Kompyuta nayo inapima ukubwa wa herufi kwa pointi. Mimi karatasi napima kwa milimita, maandishi kwa pointi, na pale vinapokutana natumia namba moja tu: 2.835. Zidisha milimita kwa hiyo upate pointi. Gawanya pointi kwa hiyo upate milimita.

Asili yake ni inchi. Inchi ni milimita 25.4 kamili, na ndani yake mna pointi 72.

Wengi tunaofanya nao kazi hugawanya kwa 3 wakamaliza. Kwa mstari mmoja haina neno. Lakini chukua kitabu cha A5 chenye mistari 36 kwa ukurasa, kila mstari pointi 14. Jumla ni pointi 504, yaani milimita 177.8. Ukigawanya kwa 3 unapata 168. Karibu sentimita nzima imepotea, na ukurasa wenyewe una milimita 210 tu. Namba ya ukurasa utaiweka wapi?

Ubishi mkubwa na wateja, hata hivyo, huja kwenye urefu wa herufi. Mtu anataka bango lenye herufi kubwa za sentimita 5. Unazidisha, unapata pointi 142, unaprinti, anapima H anakuta sentimita 3.6. Hesabu haina kosa. Saizi ya fonti haipimi H peke yake. Inapima kisanduku kizima kinachobeba herufi, pamoja na nafasi ya mkia wa g na p. Kwa Arial, herufi kubwa huchukua takribani 0.716 ya saizi. Kwa hiyo gawanya 142 kwa 0.716: andika 198. Times New Roman ni fupi zaidi, kwa hiyo pima H yake kwanza.

Wanaoandika tasnifu kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi, wajihadhari: "pt" ya huko ni 72.27 kwa inchi. Ukitaka pointi ileile ya Word, andika "bp". Kwa fonti ya 12 hutaona tofauti, ila urefu wa A4 ni 841.9 kwa "bp" na 845 kwa "pt".

Mara nyingi hata kikokotoo hakihitajiki. Kwenye Word au InDesign, andika "5 mm" ndani ya kisanduku cha nafasi chenye pointi, programu itabadilisha yenyewe.

Kabla ya kupeleka kazi kiwandani, chora mstari wa pointi 283.5, uprinti kwa asilimia 100, kisha uwekee rula. Unatakiwa kuwa milimita 100. Ukikuta 97, usiguse hesabu zako. Fungua mipangilio ya printa, utakuta imeamriwa kubana ukurasa.